Mlinzi alimwaga mkoba wangu getini, sasa mtaa mzima unajua mwanangu anaumwa kifafa

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya wilaya. Nina mume na watoto wawili. Jambo hili limenikaa rohoni, na kila ninayemweleza kazini ananiambia nimwachie Mungu. Nimeona nikuandikie.

Miezi michache iliyopita lilibandikwa tangazo kwenye ubao kwamba kila mtumishi anayetoka atakaguliwa mkoba getini. Sababu ni dawa kupotea. Kusema kweli nililiunga mkono. Nipo wodi ya wazazi, na nimechoka kumwambia mama mwenye uchungu atume ndugu akanunue glovu duka la jirani wakati kwenye leja ya stoo zinaonekana zipo.

Siku yenyewe nilikuwa natoka zamu ya usiku. Nimekabidhi wodi, nimechoka, nataka nikamuwahi mtoto kabla hajaenda shule. Meza ya ukaguzi ipo nje kabisa ya geti, pale pale bodaboda wanapongojea abiria. Mlinzi, kijana wa kampuni, akaniambia niweke mkoba mezani. Sijaufungua, akaushika chini akaumwaga wote. Kanga, bakuli la chakula, pedi, daftari la kikoba, na kibahasha cha dawa. Pedi moja ikaanguka chini, bodaboda mmoja akacheka.

Mlinzi akachukua kile kibahasha, akakifungua, akaona vidonge vina alama ya GOT. Akaniuliza kwa sauti, "Sista, hizi za serikali umezitoa wapi?" Nikamwambia nimepewa dirishani kwa cheti, ni za mwanangu. Akasema, "Mwanao anaumwa nini cha kupewa vidonge vyote hivi?" Nyuma yangu kuna foleni, wenzangu na wasaidizi wa usafi, wananitazama. Ningekaa kimya ningeonekana mwizi. Nikasema ni za kifafa.

Akaandika kwenye daftari la getini. Nilisoma alichoandika: jina langu, wodi yangu, halafu "dawa za kifafa za mtoto wake, vidonge 30". Daftari hilo linakaa wazi mezani na kila anayeingia na kutoka analisaini.

Mwanangu ana miaka minane. Tangu aanze dawa, fenobabitoni, alikuwa hajaanguka kwa muda mrefu, na mtaani hakuna aliyekuwa anajua. Wiki haikuisha. Jirani ambaye binti yake anafanya usafi hospitalini akawakataza wanawe kula naye sahani moja, eti mate yake yanaambukiza. Shuleni amekaa dawati peke yake.

Nilimwendea matroni. Akanijibu kwamba nikilalamika sana nitaonekana nina cha kuficha. Mwezi uliofuata niliogopa kupita getini na dawa, nikamwomba shemeji aende kuzichukua. Akachelewa. Mtoto alikosa dozi siku mbili, usiku wa pili akaanguka. Kinachoniuma zaidi ni kwamba magari ya wakubwa yanatoka kila siku na mlinzi anainua kizuizi na kupiga saluti. Sijaona hata moja likifunguliwa buti.

Mama, naweza kukataa kukaguliwa? Nikikataa watanifukuza? Kuna dada wa usafi amejitolea kunipitishia dawa kwa mlango wa nyuma ili nisionekane. Mume wangu yeye anasema niombe uhamisho tuondoke. Naomba unisaidie.

Mama wa mtoto, Kanda ya Ziwa

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole kwa nafsi yako na pole zaidi kwa mtoto.

Nianze na yeye, maana mengine yanaweza kungoja wiki moja na yeye hawezi. Fenobabitoni haikatwi ghafla. Wewe ni muuguzi unalijua hilo, lakini hofu imekufanya ulisahau. Mtoto aliyezoea dawa hii akikosa dozi, degedege hurudi, na mara nyingine hurudi mfululizo. Kuanzia leo dawa zake uzichukue mwenyewe au baba yake, siku mliyopangiwa, na nyumbani ibaki akiba ya siku kadhaa. Mwambie daktari wake kwamba alikosa dozi mbili na akaanguka, aandike kwenye faili.

Halafu nenda shuleni, wewe na baba yake pamoja, mkaongee na mwalimu wa darasa. Siri imeshatoka, na bora mwalimu alisikie jambo hili kwenu kuliko kulisikia kwa jirani. Mwambieni kifafa hakiambukizi, si kwa mate, si kwa povu, si kwa sahani. Mwelezeni cha kufanya mtoto akianguka darasani: aondoe vitu vya kumuumiza, amlaze ubavu, asimshikilie kwa nguvu, asimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, aangalie saa. Ikipita dakika 5 bado anatetemeka, hospitali mara moja. Walimu wengi wanaogopa kifafa kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa nao akawaeleza hivyo. Mwalimu akishaelewa, habari ya dawati ataimaliza yeye mwenyewe mbele ya darasa.

Sasa tuje getini.

Nimefanya kazi ofisi za utumishi serikalini mpaka nikastaafu, na malalamiko ya upekuzi nimeyapokea kutoka pande zote mbili za meza. Nitakueleza ninavyoona, hata pale ambapo hautapenda.

Mwajiri wako anayo haki ya kukagua mikoba. Dawa ile ni mali ya umma, na ile alama ya GOT imewekwa kwenye dawa za serikali makusudi, ili zikionekana kwenye duka la mtu zijulikane zimetoka wapi. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 27, inampa kila mmoja wetu wajibu wa kulinda mali ya umma. Mama aliyetoka kijijini na nauli ya kwenda na kurudi tu, akaambiwa dawa hakuna akanunue nje, naye ana haki, na haki yake inalindwa hapo hapo getini. Kwa hiyo usikatae kukaguliwa. Ukikataa, watakuandikia kwamba umekaidi agizo halali la mwajiri, na hoja yako nzuri itazikwa chini ya kosa hilo.

Lakini Katiba hiyo hiyo, ibara ya 16, inasema kila mtu anastahili heshima na hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake. Halafu inaendelea kusema kwamba haki hiyo ikiingiliwa, iwe kwa utaratibu wa sheria unaoonyesha hali, namna na kiasi cha kuingiliwa. Namna na kiasi, mwanangu. Hoja yako yote imo humo. Hawakukosea kutaka kuona ndani ya mkoba. Wamekosea kuumwaga barabarani, kukuuliza ugonjwa wa mtoto mbele ya watu na kuuandika kwenye daftari la wazi.

Ipo kesi moja ya Marekani ambayo huwa naikumbuka, maana nayo ilianzia hospitali ya serikali. Daktari wa magonjwa ya akili, Magno Ortega, alipekuliwa ofisini kwake na wakubwa wake katika hospitali ya Napa, jimbo la California. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitoa uamuzi mwaka 1987. Majaji walisema mtu hapotezi haki ya faragha kwa sababu tu mwajiri wake ni serikali, ila mwajiri anaweza kupekua bila hati ya mahakama endapo upekuzi una sababu ya msingi na hauvuki mipaka ya sababu hiyo. Tena maoni yaliyoongoza uamuzi huo yaliutofautisha mkoba wa mtumishi na meza au kabati la ofisi: kabati ni la kazi, mkoba ni wa mtu, hata ukiwa umewekwa ndani ya jengo la mwajiri. Uamuzi ule haufungi mahakama zetu. Lakini kipimo chake cha sababu na mipaka kinafanana kabisa na namna na kiasi cha Katiba yetu.

Chukua kipimo hicho ukiweke kwenye geti lenu. Sababu ni dawa zinazoibwa. Je, ukaguzi ule unazikamata? Boksi la dripu haliingii kwenye pochi ya nesi. Katoni za glovu hazitoki zimefichwa chini ya kanga. Vitu vya wingi hutoka kwa gari, au hutoka kwenye karatasi kwanza: leja inaandika zimetoka stoo kwenda wodini, wodini hazifiki, na hakuna anayelinganisha vitabu viwili hivyo. Au cheti cha mgonjwa ambaye hakuwahi kufika. Kama hospitali inataka kweli kuziba tundu, ianze kwa kulinganisha leja ya stoo na kitabu cha wodi kila wiki, na ifungue buti za magari yote, la mganga mfawidhi likiwa la kwanza. Ninalisema hili kwa uchungu. Ukaguzi unaomgusa nesi na msaidizi wa usafi peke yao unawafundisha watumishi wote kwamba wizi ni tabia ya wenye vyeo vidogo. Ibara ya 13 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na hakuna mahali ilipoandikwa isipokuwa wenye gari.

Kuna tofauti nyingine ambayo wakuu wengi wa taasisi hawaioni. Mkoba kukaguliwa wakati wa kuingia ni jambo la uhai wa watu. Tangu mabomu ya balozi za Marekani ya tarehe 7 Agosti 1998, yaliyoua watu 11 Dar es Salaam na zaidi ya 200 Nairobi, sisi wa Afrika Mashariki tumeuzoea ukaguzi huo na tunajua maana yake. Anayekagua wakati wa kuingia anatafuta silaha, na kidonge hakimhusu. Kukagua wakati wa kutoka ni kulinda mali, na anayekagua mali anahitaji kujua jambo moja tu: kitu hiki kimetoka kihalali au la. Jina la ugonjwa halimsaidii kujua hilo. Angekuuliza cheti kiko wapi, ukamwonyesha, ingeisha.

Na hapo ndipo ninapoona kosa kubwa kuliko yote, lile daftari. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Taarifa za afya chini ya sheria hiyo ni taarifa nyeti, zina ulinzi wa juu kuliko jina na namba ya simu, na hapa zinamhusu mtoto. Hospitali inayofungia mafaili ya wagonjwa kwa kufuli haiwezi kuacha ugonjwa wa mtoto umeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye daftari ambalo hata fundi bomba analisaini. Hili wakilisikia watashtuka, maana wengi hawajalifikiria. Lisemee kwa nguvu kuliko mengine.

Kuhusu yule mlinzi, nakuomba usimfanye ndiye kesi yako. Alikosea, na lile swali lake lilikuwa la ukatili. Lakini alipewa meza na daftari akaambiwa kagua, hakuna aliyemwonyesha namna. Ukilalamika juu yake peke yake, kampuni itamwondoa, ataletwa mwingine, na mwezi ujao mkoba wako utamwagwa tena.

Dada wa usafi mshukuru, umwambie hapana. Dawa halali ya mtoto wako ikikutwa mlango wa nyuma mikononi mwa mtu mwingine inageuka ya wizi, na mtafukuzwa wawili. Fenobabitoni tena ni dawa inayodhibitiwa, maelezo yenu hayatasikilizwa kwa urahisi. Pita mlango wa mbele na cheti chako.

Nikueleze la kufanya. Omba kwa mfamasia kwamba kila mtumishi anayechukua dawa yake au ya mtoto wake afungiwe kwenye bahasha, ibandikwe gundi, igongwe muhuri wa famasi juu ya mkunjo, na nje iandikwe namba ya cheti tu. Mlinzi akiona muhuri mzima, kazi yake imekwisha. Haina gharama, ni bahasha ya kaki na muhuri ambao tayari upo pale dirishani. Wapo wenzako wengine, amini nakwambia, wanaobeba dawa zao wenyewe wakitetemeka kila wanapokaribia lile geti. Wa vidonge vya kufubaza virusi yumo, wa presha yumo, aliyepata ujauzito hajamwambia mtu yumo. Utakuwa umewasemea na wao.

Kisha andika barua kwa mganga mfawidhi, kupitia kwa katibu wa afya, nakala kwa tawi la chama chenu cha wafanyakazi. Isizidi ukurasa mmoja. Anza kwa kusema unaunga mkono kulinda dawa za serikali, maana ndivyo ilivyo. Eleza kilichotokea bila matusi: tarehe, saa, nani walikuwepo. Halafu omba. Mimi ningeandika hivi:

"Naomba maelezo yanayohusu ugonjwa wa mwanangu yaliyoandikwa kwenye daftari la getini yafutwe yasisomeke, na daftari hilo lisiandikwe tena taarifa za afya za mtu yeyote. Naomba utaratibu wa ukaguzi uwekwe kwa maandishi na watumishi wote wausome. Naomba meza ihamishiwe ndani ya geti, pembeni, yenye pazia. Mwenye mkoba aufungue na kutoa vitu yeye mwenyewe. Wanawake wakaguliwe na mlinzi mwanamke. Na magari yote yakaguliwe kama mikoba inavyokaguliwa."

Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usiipeleke kwa WhatsApp.

Matroni alikwambia utaonekana una cha kuficha. Ndiyo, unacho: ugonjwa wa mtoto wako, na ni haki yako kuuficha. Usiogope neno hilo. Na usiogope kufukuzwa kwa kuandika barua ya heshima. Mtumishi wa umma hafukuzwi kwa mdomo. Lazima apewe hati ya mashtaka, ajibu kwa maandishi, asikilizwe, na akionewa anayo Tume ya Utumishi wa Umma ya kukatia rufaa. Wakikukaripia ofisini, andika tarehe na maneno waliyosema, uyaweke.

Wasipojibu ndani ya wiki mbili tatu, jambo liende kwenye tawi, na tawi lilipeleke Baraza la Wafanyakazi. Mabaraza haya yalianzishwa kwa waraka wa Rais wa mwaka 1970 ili wafanyakazi washirikishwe katika mambo ya mahali pa kazi, na siku hizi sehemu nyingi yanakutana kupitisha bajeti na kunywa soda. Hoja ya ukaguzi wa getini ndiyo hasa hoja ya Baraza, kwa kuwa inamhusu kila mtumishi kila siku. Usiende peke yako. Tafuta wenzako wawili watatu waliokuwa kwenye foleni ile asubuhi, nao waandike walichokiona. Na suala la daftari peke yake, likipuuzwa, lina mlango wake: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko ya mwananchi yeyote.

Wakati unangoja majibu, ukifika mezani fungua mkoba mwenyewe kabla hajaugusa. Sema kwa sauti ya kawaida, "Kaka, nitatoa mwenyewe." Wengi watakubali. Akitaka kukupapasa mwilini, hapo simama, omba mlinzi mwanamke aitwe, na usiondoke mpaka aje. Akikuuliza dawa ni ya nini, jibu ni moja: "Cheti hiki hapa, mengine muulize mfamasia."

Mume wako nimemwelewa. Anataka kuwatoa mnapoumizwa, na ni jambo jema kwa baba. Ila uhamisho msiuombe sasa. Mtoto ana daktari anayejua dozi yake na alikoanzia, na kuanza kliniki mpya katikati ya misukosuko kunaweza kumgharimu. Kaeni muone barua imejibiwaje na shule imempokeaje muhula huu, halafu mpige hesabu upya mkiwa wawili.